Jean-Henri Fabre: Mwalimu wa Sayansi Aliyejifunza Pamoja na Darasa Lake

Wanachuo wengi wanaojiandaa kufundisha sayansi katika shule za msingi za vijijini huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba shule watakazopangiwa hazitakuwa na maabara wala vifaa. Ya pili, ambayo aghalabu haitamkwi hadharani, ni kwamba wao wenyewe hawaijui sayansi ya kutosha. Hofu hizo si ngeni katika kazi hii. Mtu ambaye maisha yake yanasimuliwa hapa alizikuta zote mbili siku ya kwanza aliposimama mbele ya darasa akiwa na umri wa miaka 18. Ulimwengu unamkumbuka kama bingwa wa elimu ya wadudu. Makala haya yatashughulika zaidi na ualimu wake, kwa sababu ualimu ndio uliomfikisha kwa wadudu.

Jean-Henri Fabre alizaliwa mwezi wa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kwenye nyanda za juu za Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini, na kwa kuwa chakula kilikuwa haba nyumbani, mtoto alipelekwa kulelewa na babu na bibi yake katika shamba la Malaval. Huko kulikuwa na ng'ombe, kondoo na baridi kali; vitabu havikuwapo, na wazee wenyewe hawakujua kusoma. Siku moja, kabla hata hajaanza shule, mtoto huyo alijiuliza kama mwanga wa jua huuona kwa mdomo au kwa macho. Akasimama akilielekea jua, akafumba macho na kuachama mdomo, mwanga ukatoweka. Akafumba mdomo na kufumbua macho, mwanga ukarudi. Akarudia tena, na jibu likawa lile lile. Mkufunzi mkali angesema kwamba alibadili mambo mawili kwa mpigo. Hata hivyo alikuwa na swali lake mwenyewe, alilijibu kwa kutenda, na hakuridhika mpaka aliporudia. Jioni alipoutangaza ugunduzi wake, watu wazima walicheka.

Alipofika miaka 7 alirudishwa Saint-Léons kuanza shule. Chumba kimoja kilikuwa darasa, jiko na mahali pa kulala pa mwalimu. Mlango ukifunguliwa, watoto wa nguruwe na vifaranga waliingia kuokota makombo miguuni pa wanafunzi. Mwalimu, aliyekuwa pia baba wa ubatizo wa Fabre, alikuwa vilevile kinyozi wa kijiji, mpiga kengele wa kanisa, mwimbaji wa ibada na msimamizi wa mali ya kabaila mmoja. Muda uliosalia ndio alioufundishia. Mtoto hakushika hata herufi moja mpaka baba yake alipomnunulia picha kubwa yenye wanyama, kila mnyama akiwakilisha herufi inayoanza jina lake. Punda, ng'ombe na bata walifanya kwa siku chache kazi ambayo kijitabu cha alfabeti kilishindwa kuifanya kwa muda mrefu. Anayedhani zana za kufundishia ni pambo la ukutani na aitafakari picha hiyo.

Mwaka 1833 familia ilihamia mji wa Rodez, ambako baba alijaribu biashara ya mkahawa. Fabre alisoma bure katika shule ya mji kwa kulipia kwa utumishi wa kanisani. Biashara ikaanguka. Familia ikahama mji hadi mji, na hatimaye kila mtu akajitafutia riziki kwa njia yake. Kijana huyo aliuza malimau katika gulio la Beaucaire, na alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa njia ya reli. Shule aliiacha, lakini kusoma hakukuacha. Alipopata habari kwamba Chuo cha Ualimu cha Avignon kinatoa nafasi za masomo ya bure kwa mtihani wa mashindano, alijiandikisha, akafanya mtihani na kushika nafasi ya kwanza. Hivyo ndivyo alivyoingia katika ualimu. Alihitaji mahali pa kulala, chakula cha hakika, na mlango wa kuingilia kwenye elimu. Chuo kilimpa vyote vitatu.

Sayansi aliyofundishwa chuoni ilikuwa kidogo mno. Alikumbuka somo moja la kemia, ambalo mwalimu alikusudia kuwaonyesha wanachuo jinsi oksijeni inavyotengenezwa. Wanachuo walisongamana kuizunguka meza, kila mmoja akitaka kuwa karibu. Chombo kikapasuka kwa kishindo, na asidi kali ikawarukia waliokuwa mbele. Mmoja ilimpata machoni. Fabre, ambaye alikuwa amesimama nyuma, alimkokota hadi kwenye maji akamwosha uso kwa haraka, na macho yakapona. Oksijeni yenyewe hakuiona siku hiyo. Alitoka chuoni mwaka 1842 na cheti cha daraja la juu, bila kuiona gesi ambayo baadaye angepaswa kuifundisha.

Alipangiwa Carpentras, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, kufundisha katika shule ya msingi iliyoambatana na shule kubwa ya mji. Darasa lake lilikuwa chumba kama ghala la chini ya ardhi, chenye unyevu usiokauka kwa sababu ya kisima kilichokuwa nyuma ya ukuta. Mwanga uliingia kwa mlango, hali ya hewa iliporuhusu, na kwa kidirisha chembamba chenye nondo za chuma kama cha gereza. Ubao uliopigiliwa ukutani kuzunguka chumba ndio uliokuwa kiti cha wanafunzi. Katikati palikuwa na kiti kilichokatika makuti yake, ubao mweusi na kipande cha chaki. Wanafunzi walikuwa kama 50, wa kila umri. Wadogo walihitaji kufundishwa silabi, wa kati kushika kalamu, na wakubwa, ambao baadhi yao walilingana naye kwa umri na kumzidi kwa nguvu, walikuwa tayari kwa sehemu na jiometri. Wengi wao walikuwa wameshindwa masomo ya Kilatini na kusukumiwa kwake kama watu wasiofaa kwa jambo kubwa. Mshahara wake ulikuwa faranga 700 kwa mwaka.

Katika chumba hicho alifanya yale ambayo mwalimu yeyote wa mchanganyiko wa madarasa hufanya: huyu mpe imla, yule mpe hesabu, mkubwa amwangalie mdogo. Lakini somo lililompendeza yeye na wanafunzi wake lilikuwa lile lililowatoa chumbani. Lilikuwa jiometri ya uwandani, yaani upimaji wa ardhi. Shule haikuwa na vifaa vya kutosha. Kipimapembe kidogo kisichozidi kiganja kilipatikana shuleni, lakini mnyororo wa kupimia, vigingi, vijiti vya kuwekea alama, pimamaji na dira Fabre alivinunua kwa fedha yake mwenyewe. Hatusemi kwamba mwalimu analazimika kuugeuza mshahara wake kuwa bajeti ya shule. Mwajiri asijifiche nyuma ya mfano huo. Tunaloliangalia hapa ni chaguo lake. Kati ya vitu vyote ambavyo darasa lile lilikosa, alitanguliza vile ambavyo vingewafanya wanafunzi watumie mikono yao.

Mwezi wa Mei ulipoingia, mara moja kwa wiki walitoka kwenda katika uwanda wenye kokoto usiolimwa, nje ya mji. Hapo hapakuwa na miti ya kuziba macho wala mazao ya kukanyagwa. Fabre alimtuma mwanafunzi mmoja kwenda mbali kuchomeka kigingi. Akamwona anasimama njiani, anainama, anaokota kitu, anainuka, anainama tena, na kigingi kimesahauliwa. Mwingine aliyetumwa kukusanya vijiti aliokota jiwe badala ya kijiti. Wengine walikuwa wakinyonya mabua.

Hapa ndipo mahali pa kusimama. Mwalimu kijana, wa mwaka wa kwanza, ana wanafunzi wakubwa wasiomcha sana, na somo lake linavurugika mbele ya macho yake. Njia fupi ilikuwa kukemea. Fabre aliuliza kulikoni. Wanafunzi, ambao waliyajua mambo ya mashamba kuliko yeye, wakamweleza kwamba kuna nyuki mkubwa mweusi ambaye hujenga viota vya udongo juu ya mawe ya uwanda ule, na ndani ya viota mna asali. Ukivifungua, unaweza kuifyonza kwa bua tupu. Mwalimu akafundishwa kufyonza. Asali ilikuwa na ladha kali kidogo, lakini ilifaa. Kisha upimaji ukaendelea.

Nyuki yule alimshika. Akataka kumjua jina, desturi zake, na jinsi anavyojenga ukuta wa udongo ukawa mgumu kama saruji. Katika duka la vitabu la mji palikuwa na kitabu kikubwa cha wadudu chenye picha. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wa mwezi mzima. Alikinunua, akakisoma mpaka akakimaliza, na tangu siku hiyo hakuacha kuchunguza wadudu kwa zaidi ya miaka 60. Kazi hiyo yote ilianza kwa sababu mtoto aliyetumwa kigingi alichelewa kurudi.

Kemia ilifuata. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima na mafundi, nao wengi wangerudi mashambani na katika karakana. Fabre aliona kwamba kuwafundisha udongo una nini, mmea unakula nini, na kwa nini maji ya zabibu hugeuka mvinyo, ni kuwapa kitu cha kutumia maisha yao yote. Mkuu wa shule akakubali. Lakini mwalimu mwenyewe hakuwa amewahi kutengeneza hata gesi moja. Alijisomea na kujiandaa kwa makini, na siku ya somo, akiukumbuka mpasuko wa Avignon, aliwaweka wanafunzi mbali na meza, yeye peke yake akabaki karibu na moto. Mapovu yakaanza kupanda ndani ya maji. Akachukua mshumaa uliozimwa, utambi wake ukiwa bado na chembe ya moto, akauingiza katika gesi: ukawaka tena kwa mwanga mkali. Darasa lilistaajabu, naye alistaajabu pamoja nalo, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kama wao. Lakini uso wake hakuuachia kulisema hilo. Baada ya miaka alikiri katika maandishi yake jinsi moyo ulivyokuwa ukimdunda. Somo hilo lilivuma mjini, na wanafunzi wapya wakaongezeka.

Kisa cha aljebra ni cha ajabu zaidi. Kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani alimjia akiomba kufundishwa somo hilo. Fabre hakujua aljebra hata kidogo. Akafikiri kwa muda mfupi, akakubali, akapanga siku ya kuanza kuwa baada ya siku chache. Kisha akaingia katika chumba cha mwalimu mwenzake asiyekuwapo, akakichukua kitabu cha aljebra na kujifungia nacho. Alianza, si kwa ukurasa wa kwanza, bali kwa mlango uliohusu kanuni ya binomia ya Newton, kwa sababu jina lilimvutia, akapambana nao kwa kalamu na karatasi mpaka ukafunguka. Somo kwa somo alimtangulia mwanafunzi wake kwa hatua moja tu. Pale walipokwama walikwama wote wawili, wakatafuta njia pamoja, na mara nyingi mwanafunzi ndiye aliyeiona kwanza. Kijana alifaulu mtihani. Mbinu za kukipata kitabu hatuzipendekezi. Lakini mwanachuo aangalie kwamba Fabre hakumdanganya mwanafunzi kwa maneno makubwa. Alijiandaa kila somo kana kwamba yeye ndiye atakayefanya mtihani.

Kwa kujisomea hivyo alipata shahada za hisabati na fizikia za Chuo Kikuu cha Montpellier. Mwaka 1849 alihamishiwa Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, kufundisha fizikia. Huko alikutana na Moquin-Tandon, mtaalamu wa mimea, ambaye alimpasulia konokono ndani ya sahani ya maji kwa vifaa vilivyotoka katika kikapu cha mshonaji. Lilikuwa somo pekee la elimu ya viumbe alilopata kufundishwa na mtu. Mwaka 1853 alirudi Avignon, na mwaka 1855 akapata udaktari wa sayansi mjini Paris. Mwaka 1859 Charles Darwin alimtaja katika kitabu chake juu ya asili ya spishi. Wakati huo Fabre alikuwa akipokea faranga 1,600 kwa mwaka, na mkaguzi mmoja alimweleza waziwazi kwamba asiye na mali ya urithi asitumaini kuwa profesa.

Mwaka 1865 alijiwa na mgeni mashuhuri, Louis Pasteur, aliyetumwa na serikali kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiangamiza viwavi wa hariri. Pasteur aliomba kuona kifukofuko cha kiwavi. Alipopewa, alikitikisa sikioni na kuuliza kama ndani mna kitu. Fabre alipigwa na bumbuazi: mtu aliyekuja kuwaokoa viwavi hakujua kwamba ndani ya kifukofuko mna buu. Hata hivyo Pasteur alifaulu katika kazi yake, na Fabre alikichukulia kisa hicho kwa uzito. Tangu hapo alijiwekea desturi ya kumwendea kila mdudu kana kwamba hajasoma lolote juu yake, akimwuliza mdudu mwenyewe kabla ya kuvifungua vitabu.

Miaka hiyo hiyo Victor Duruy, waziri wa elimu, alianzisha madarasa ya sekondari kwa wasichana, jambo lililopingwa vikali na baadhi ya viongozi wa kanisa nchini Ufaransa. Fabre alikuwa akifundisha madarasa ya bure katika jengo la zamani la watawa la Saint-Martial, Avignon, na wasichana wakaja. Aliwafundisha hewa ni nini, maji yametokana na nini, umeme wa radi unatoka wapi. Aliwafundisha pia jinsi ua linavyorutubishwa na chavua. Wanafunzi walileta maua mpaka meza ikajaa. Kwa somo hilo la maua alishtakiwa kwamba anaharibu maadili ya wasichana. Wanawake wawili wacha Mungu, wenye nyumba aliyokuwa amepanga, walimtaka ahame. Hakuwa na mkataba wa maandishi, wala fedha ya kuhamia, naye alikuwa na mke na watoto. Duruy alikuwa ameondoka madarakani mwaka 1869, na mlinzi mwingine hakuwapo.

Aliyemwokoa alikuwa mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyeishi Avignon karibu na kaburi la mkewe na ambaye alizoea kutembea na Fabre wakitafuta mimea. Mill alimkopesha faranga 3,000 bila kudai hati yoyote. Fabre akahamia Orange, akauacha ualimu wa shule baada ya miaka 28, na baadaye akalilipa deni lote.

Mtu angetarajia kwamba aliyefukuzwa kwa kufundisha angenyamaza. Yeye aliandika vitabu vya shule: vya kemia, fizikia, mimea, nyota, wanyama waharibifu na mambo ya nyumbani. Cha kwanza, kuhusu kemia ya kilimo, kilikuwa kimetoka mwaka 1862, na idadi ikafika makumi. Katika baadhi yake mjomba au shangazi anazungumza na watoto na kujibu maswali yao, na maswali hayo yana sauti ya watoto halisi, kwa maana aliyasikia kwa miaka mingi. Vitabu hivyo ndivyo vilivyoilisha familia yake. Watoto wake wenyewe walikuwa wasaidizi wake. Alipokuwa akichunguza jinsi nyuki wanavyorudi viotani wakipelekwa mbali, aliwatia alama za rangi migongoni na kuwaachilia umbali wa kilometa kadhaa, huku binti yake Aglaé akikaa nyumbani kuangalia nani anarudi na saa ngapi. Darwin, aliyesoma habari hizo, alimwandikia kupendekeza majaribio mengine, naye aliyafanya. Lakini nadharia ya Darwin kuhusu mabadiliko ya viumbe hakuikubali mpaka mwisho, na katika hilo sayansi haikumfuata.

Mwaka 1879 aliweza kununua nyumba huko Sérignan, yenye ardhi ya kokoto ipatayo hekta moja. Aliiita Harmas, neno la watu wa huko kwa ardhi isiyolimwa, kama ule uwanda wa Carpentras. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha kwanza kati ya 10 vya kumbukumbu zake za wadudu. Cha mwisho kilitoka mwaka 1907.

Kitabu hicho cha kwanza kilifunguliwa na habari za dundu wa mavi, yule afingirishaye donge lake njiani. Kwa miaka mingi Fabre alitafuta mahali ambapo mdudu huyo hutaga yai, na hakupata. Katika miaka ya 1890 alimwomba kijana mchungaji wa kijijini awaangalie madundu wakati kondoo wanapokula. Jumapili moja mwishoni mwa Juni, kijana huyo alimletea kitu alichokichimbua chini ya ardhi: donge laini lenye umbo la kibuyu kidogo, limechongwa kwa uzuri kama kazi ya seremala. Hakulijua ni nini, ila alikuwa amemwona mdudu akitoka shimoni humo. Kesho yake, kabla jua halijapanda, mzee huyo aliyekwisha kupita miaka 60 alifuatana naye malishoni. Kijana alionyesha kichuguu kidogo cha udongo mbichi, wakachimba, na kibuyu cha pili kikatokea, mama yake akiwa kando. Yai lilikuwa ndani ya shingo.

Fabre alifariki Harmas tarehe 11 Oktoba 1915, akiwa na umri wa miaka 91. Jina la mchungaji hakuliandika, lakini habari za asubuhi ile, tangu alipomwita mpaka walipochimba, aliziandika zote.